Mkono Ulioshika Mnavu

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na majirani wa hapa Rodi Kopany, Homa Bay, walidhani ni maringo. Maringo gani? Mimi ni Mjaluo, mke wangu alikuwa Mkuria kutoka Migori, kule mpakani na Tanzania, na siku tuliyokutana hakujua hata kuomba maji kwa Kijaluo. Kiswahili kikawa lugha ya nyumba. Tuligombana kwacho, tukapatana kwacho. Baadaye akawa anabishania bei sokoni kwa Kijaluo kuwashinda hata dada zangu, lakini akivuka mlango tu, ni Kiswahili: "Mzee, umekula, au unangoja malaika akupakulie?"

Alipofariki, Kiswahili kilitoka pamoja naye. Watoto wako mbali, wakipiga simu ni Kiingereza. Majirani wananisalimu kwa Kijaluo, wanapita. Mchana nakaa na kompyuta aliyoniachia binti yangu, chai inapoa, na sina wa kumwambia imepoa. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo.

Mke wangu aliuza mboga za kienyeji. Aliacha daftari moja la shule lenye kila mboga aliyoijua: inaitwaje, inachumwa lini, inalazwa na maziwa siku ngapi mpaka uchungu uishe. Mimi nilikuwa karani wa ofisi Migori, kuchapa ndiyo kazi niliyostaafu nayo, basi nikalichapa lote nikaliweka kwenye blogu. Nikaongeza picha niliyompiga kwa simu shambani: mkono wake umeshika fungu la mnavu, ile mboga tunayoiita osuga. Uso haumo. Alikataa, eti kilemba chake cha shambani si cha kupigwa picha. "Piga mboga, mimi niache," akasema. Sikujua kwamba ndiyo picha yake ya mwisho.

Blogu ilikuwa inaonyesha wageni wa kila siku. Mgeni alikuwa mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Ndipo nikagundua kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote anaweza kuingia akaandika. Nikaingia bila hodi. Nikaweka kiungo cha kuelekea blogu yangu chini ya makala ya Homa Bay, ya Migori, ya Ndhiwa, ya mboga, ya maziwa. Niliweka hata kwenye makala ya chumvi, kwa sababu nani anapika mboga bila chumvi? Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimechoka, na nimeridhika.

Asubuhi yake viungo vyote vilikuwa vimeng'olewa. Nikavirudisha. Vikang'olewa. Nikavirudisha tena, safari hii nikatafuta ukurasa wa majadiliano ya huyo mng'oaji nikamwandikia kwa herufi kubwa tupu: NANI AMEKUPA RUHUSA? MNAVU WENYEWE HUUJUI!

Alinijibu siku hiyohiyo. "Ndugu, karibu. Hapa hatuweki viungo vya tovuti zetu wenyewe, hata ziwe nzuri namna gani. Ukiondolewa kitu, usikirudishe kwa nguvu, njoo tuzungumze. Herufi kubwa si lazima, tunasikia. Na ukimaliza kusema, tia sahihi, tujue ni nani amesema."

Mori ulinipanda. Nilisoma kwa sauti nikimwigiza, nikitafuta tusi la kumjibu. Katikati nikaacha kuigiza. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amenigombeza kwa Kiswahili ndani ya nyumba ile. "Tunasikia!" Mke wangu angesema vivyo hivyo. Nikaandika: "Samahani, ndugu. Nimekosa." Nikatia sahihi.

Basi nikawa kama bibi harusi katika boma la mama mkwe, natazama chungu kinawekwa wapi kabla sijakigusa. Nilijifunza kwamba viungo vinavyotakiwa ni vile vya ndani, vya kumtoa msomaji makala moja hadi nyingine, na neno huungwa mara moja tu, linapotajwa mara ya kwanza. Nikaziunganisha Migori na Homa Bay na mboga zake taratibu, makala kwa makala. Watu walinishukuru. Lakini pale hawaulizi habari za nyumbani. Mnaongea habari za koma na nukta, mnaagana. Kuna siku nilitamani tu mtu aniulize nimeamkaje.

Nikaomba, kwa adabu sasa, kama daftari laweza kutajwa. Wakakataa: halijachapishwa popote, kwa hiyo si chanzo. Iliniuma sana. Picha, wakasema, inakaribishwa, mradi niitoe bure itumiwe na yeyote. Nikaitoa. Ikakaa juu kabisa ya makala ya mnavu, na kila asubuhi nilianza kwa kwenda kuitazama.

Asubuhi moja nikakuta mkono haupo. Mhariri mwingine ameikata picha, yamebaki majani matupu yananing'inia hewani. Maelezo yake: "Nimeondoa mkono, hauhusiani na mada."

Hauhusiani! Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutengua badiliko lake. Badala yake nikafungua majadiliano nikaandika yote: huo ni mkono wa marehemu mke wangu, shamba hilo alililima mwenyewe, wewe ni nani umkate? Nikayasoma kama wao watakavyoyasoma. Pale msiba wako si hoja, hoja ni msomaji. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi ndiye pekee niliyekuwepo kwa ajili yake. Nikifoka, tutatolewa wote wawili, mimi na yeye.

Nikafuta kila neno. Nikatoka hadi shambani kwake, ambako mnavu sasa unajiotea, nikachuma jani nikaliweka kwenye kiganja changu. Nikarudi nikaandika: "Ndugu, naomba mkono ubaki. Mnavu wa kupandwa una majani mapana kuliko wa porini, na bila mkono msomaji hatajua ukubwa wake. Asante." Nikatia sahihi.

Nilingoja siku mbili. Nilifagia kiwanja kilichokuwa kimefagiwa, nikawapa kuku chakula wakakisaza. Siku ya tatu jibu likaja: "Hoja nzuri. Nimeirudisha picha nzima. Mkono ubaki."

Nikalisoma kwa sauti, nyumba isikie. Mkono ubaki. Nikalia, mzee mzima, mbele ya kompyuta. Kisha nikajifuta nikaandika asante, nikatia sahihi. Hakuna aliyeniuliza ni mkono wa nani.