Matungulu na Presha ya Baba

Jamani, leo nimeenda soko la Busia kugombana, nikapata aibu.

Baba yangu aliacha dawa za presha. Eti unga wa matungulu, kile kiungo cha porini kutoka Uganda, una antioksidanti, unatosha.

Nikamvamia mama anayemuuzia. "Ni wewe unadanganya wazee?"

Akatoa vidonge vya presha kwa mkoba. Vyake!

"Dada, mimi mwenyewe nameza kila asubuhi. Matungulu ni ya chai. Inasaidia mwili, lakini si dawa ya presha. Nipigie huyo mzee."

Nikapiga. Akamkaripia baba mpaka nikamhurumia.

"Sawa mama, nimemeza," baba akajibu.

Papo hapo? Bila hata maji?

Nyinyi mngeamini? Niko kwa boda naenda kwa baba Amukura kuhakikisha.