Mbwa Niliowaalika kwa Maikrofoni

Mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Nimevuka ziwa huku nyuma risasi zinalia, nimefika kambi ya wakimbizi ya Kabazana na sufuria moja tu mkononi, na kutoka kwenye ile sufuria nimejijengea nyumba ya mabati, pikipiki mbili na sinema. Shule niliiacha darasa la nne, lakini waliomaliza shule ndio wananisalimia "patron", yaani bosi. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jambo hili lilitokea, usidhani unasimuliwa na mtu wa kuota ndoto. Lilitokea Kashojwa, kijiji cha kambi hiyohiyo, Jumamosi mchana, na walioliona wako hai. Nenda ukawaulize.

Utaniambia: mambo ya namna hii si ya usiku? Ndugu yangu, ndani ya sinema yangu ilikuwa usiku muda wote. Nyumba ya udongo, madirisha nimeyaziba kwa plastiki nyeusi, mabenchi ya mikaratusi, jenereta nyuma. Mbele kulikuwa na televisheni, na kando yake kiti changu na maikrofoni, maana filamu zinasema Kiingereza na watu wetu wa Kivu Kiingereza hawakisikii. Mimi ndiye niliyewatafsiria. Na mimi Kiingereza sikijui sana, nikufiche nini? Lakini naangalia uso wa mtu kwenye picha, najua anataka nini, namwekea maneno mdomoni. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kunisikia mimi, filamu ilikuwa sababu tu. Spika nyingine niliitundika nje juu ya mti ili hata wapita njia wanisikie.

Watu ambao sikuwa nimewapata ni watoto wa kanisa. Mchungaji alikuwa ameshasema sinema ni shimo. Basi nikapanda gari mpaka mjini Mbarara, nikazunguka maduka ya karibu na paki ya taksi mpaka nikapata filamu isiyo na bunduki wala mwanamke uchi. Katuni. Mbwa mdogo, sikio moja limeanguka, anafugwa na watoto ndani ya nyumba kabisa, ana sahani yake. Nikaenda kwa Mama Neema, shemasi. Yeye akikubali, akina mama wote wanakubali.

"Inafundisha nini?" akaniuliza.

"Kuhurumia banyama, Mama. Kubachunga muzuri."

"Imbwa analala ndani ya nyumba?" Akacheka kidogo. "Sawa, nitakuja na batoto. Na mimi mwenyewe nitaikala nyuma. Nikisikia neno moja ya mubaya, hautaona tena mutoto wa kanisa humu. Hata mumoja."

Unaelewa? Nikifaulu siku ile, kila Jumamosi nyumba inajaa. Nikikosea, basi.

Walikuja, wakajaa mpaka wengine wakakaa chini. Nikaanza. Kwenye filamu ile familia inahama, inapakia vitu kwenye gari, inamsahau mbwa amefungwa uani. Anakata kamba na kuwafuata kwa miguu, nchi nzima. Sasa, tabu ni kwamba yule mbwa hasemi. Anabweka tu. Mimi nimwache kimya, nina maikrofoni mkononi? Nikampa sauti. Watoto walicheka, niamini, mpaka vumbi likatoka kwenye mabenchi.

Ikafika sehemu ya huzuni. Mbwa yuko mjini, mvua inanyesha, mbwa wengine wasio na kwao wanamzunguka. Watoto wakanyamaza. Ukimya ule sikuupenda, nikaona biashara yangu inazama. Mbwa alipobweka nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasema:

"Ndugu zangu imbwa bote ba Kashojwa, kujeni! Kwa patron kuna nyama ya bure! Hakuna mwenye atabapiga fimbo! Kujeni sasa hivi!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Hata Mama Neema nilimsikia nyuma, hi-hi-hi.

Mtu mmoja hakucheka. Mzee, benchi la mbele, katikati ya watoto, amevaa koti refu. Sikumwona akiingia, na mtu mzima analipa zaidi, ningemkumbuka. Mwanga wa televisheni ukampiga usoni, macho yake yakaurudisha, ya kijani. Wewe umeona wapi macho ya mtu yakirudisha mwanga?

Akasema polepole: "Ile maneno ni ya imbwa, ao ni yako?"

"Mzee, humu ndani maneno yote ni yangu," nikajibu. Kwenye maikrofoni nilijibu, ili watoto wacheke tena.

"Muzuri," akasema. "Basi ni yako."

Hapo shemeji yangu Bahati, aliyekuwa mlangoni, akafunua pazia. Uso umempauka. "Patron, kuya uone."

Nikatoka. Mbwa. Walikuwa wamekaa mbele ya mlango, wakubwa kwa wadogo, wote wananitazama mdomoni. Hakuna aliyebweka. Wengine walikuwa bado wanakuja mbio kutoka upande wa ziwa la hapa kambini, mmoja ana kipande cha waya shingoni kimemkata nyama. Nikamnyang'anya Bahati fimbo yake, nikainua mkono, na mkono ukafa. Kabisa. Fimbo ikaanguka. Na nyuma ya sikio langu nikasikia ile sauti: "Umesema hakuna fimbo." Nageuka, mzee yuko pale. Nilikuwa nimemwacha benchini.

"Bahati, huyu aliingia saa ngapi?"

"Sikuone mutu mukubwa kuingia, patron. Ni Mama Neema tu na batoto."

Mama Neema naye akatoka, amemshika binti mdogo mkono, anataka kumtoa ampeleke nyumbani. Alipopiga hatua, mbwa wote wakasimama mara moja, bila sauti, kama wanajeshi. Akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Ndani, watoto wakaanza kulia, mmoja, kisha wote.

"Patron! Batoto ba batu batatoka namna gani?"

"Mama, watachoka, wataondoka."

"Si ulisema kuna nyama?"

"Ilikuwa ya kuchekesha!"

"Wao banacheka?"

Mzee akamtazama Mama Neema, si mimi. Akamwuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Wakati mulikimbia kule, nani alifungulia imbwa?"

Mama Neema akafunika mdomo kwa kitenge. Kule kwetu tulitoka usiku, kila mtu na mtoto wake mgongoni; mbwa walibaki kwenye kamba.

Sikuwa na njia. Nikapita katikati yao, na mimi walinifungulia njia. Ng'ambo ya barabara kuna bucha la Mnyankole mmoja, mwenyeji wa huku. Nikamwambia anishushie nyama yote iliyo kwenye ndoano.

"Yote?" Akaangua kicheko. "Patron, leo wewe naoa bibi ngapi?"

"Kata haraka."

"Nakata, sebo, nakata. Lakini pesa kwanza. Mapenzi nasahaulisha watu."

Nikabeba kwa mkono wa kushoto, nikarudi, nikamwaga chini. Umewahi kuona mbwa wenye njaa wakila bila kugombana? Kila mmoja alichukua kipande chake akampisha mwenzake. Kilibaki kimoja. Mzee akapiga magoti, mikono yake ndani ya koti, akainamisha uso mpaka kwenye vumbi. Hakutumia mkono. Aliyeinuka pale hakuwa mtu. Alikuwa mbwa wa rangi ya manjano, mdomo umeota mvi, akaondoka na wenzake kuelekea ziwani. Koti sikuliona. Bahati aliona. Mama Neema aliona, akaomba kwa sauti mpaka jioni.

Watoto walitoka salama. Nikarudisha kiingilio cha kila mmoja. Mama Neema hakuwakataza kurudi, lakini aliniwekea sharti mbele ya wazazi: "Kila Jumamosi utalisha imbwa kwanza, kisha ufungue mulango. Ulibaita, ni bako." Na kila Jumamosi walikuwa wanakuja, wanakaa, wanangoja. Nikawalisha mpaka mwaka nilipouza ile nyumba ya sinema.

Mkono wangu wa kulia unalima, unabeba gunia, unaendesha pikipiki. Lakini nikishika fimbo, au hata jiwe, kwa ajili ya mnyama, unakufa palepale. Mbarara walinipiga picha za mfupa, daktari akasema mfupa hauna kosa. Nikalipa, nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mbwa aliye uani kwako mpe chakula, mtoe waya. Na usimwahidi mnyama kitu kwa mchezo, ukifikiri hana masikio ya maneno. Mimi hesabu ya shule sikuimaliza, lakini ya pesa zangu haijawahi kunipita. Nyama ya siku ile, viingilio nilivyorudisha, safari na picha za Mbarara, na Jumamosi zote zilizofuata: shilingi milioni tatu, laki moja, elfu arobaini na mia tano.