Ndoano Namba Kumi na Sita

Juzi nilikuwa Ngara nikitafuta kufuli, nikaona kikopo cha ndoano juu ya kaunta. Nilisimama hadi mwenye duka akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa, rafiki yangu. Nilikuwa tu nimerudi Riruta, miaka ya elfu mbili na kitu, likizo ya Agosti, manyunyu yakianguka polepole juu ya machimbo ya mawe nyuma ya ploti yetu.

Machimbo yalikuwa yameachwa, yakajaa maji, na majini mlikuwa na perege. Hakuna aliyejua walifikaje. Jirani yetu, mama aliyetoka upande wa ziwani, aliwavua kwa kamba na ndoano, akawakaanga jioni kando ya barabara. Harufu ikipanda, nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuonja samaki, alifunga dirisha. Mimi nilitoka nje kuivuta.

Jirani alitumia ndoano za ukubwa mmoja tu. "Samaki ambaye hii haimwingii mdomoni," aliniambia akiinua kile chuma kilichopinda, "huyo bado ni mtoto. Wacha azae kwanza." Ni jambo rahisi ambalo wengi hulipita: ndoano ndiyo inayochagua. Ile kubwa humwacha mdogo adonoe chambo na kwenda zake. Ile ndogo humchukua yeyote.

Kutu ilipokula ndoano zake, alinituma Ngara pamoja na nyanya. "Namba nane, msichana wangu. Ukizileta nakupatia kamba yako." Njiani nikawaza: nane hunasa samaki wa sahani, basi kumi na sita itanasa wa sinia. Nikanunua kumi na sita, zikafungwa kwa gazeti.

Nilifungua nyumbani. Zilikuwa ndogo kama kope. Hakuna aliyeniambia kwamba ndoano huhesabiwa kinyume, namba ikipanda chuma kinapungua. Jirani alikuwa sokoni, nami niliona haya kumngoja na kosa langu mkononi. Nikawagawia watoto wa ploti, tukaenda kuvua, angalau nimpokee na ndoo iliyojaa.

Na ilijaa! Kila tulipotupa, kamba ilivutwa. "Leo anti atatuita mafundi!" alisema mmoja wetu. "Wewe fundi wa nini, hata kiatu huwezi kufunga!" tukamcheka. Samaki wa urefu wa kidole waling'aa ndooni kama vijiko.

Jirani alifika, akachungulia. Hakupiga kelele.

"Haki wewe! Umevua mwaka ujao wote."

Tulijaribu kuwarudisha, lakini ndoano ndogo humezwa hadi tumboni. Wengi walielea matumbo juu. Watoto nao walikuwa wameonja utamu. Walirudi kila siku, kwa siri, hadi shule zikafunguliwa.

Likizo iliyofuata jirani aliketi ukingoni, nami kando yake nikishika kamba aliyonipa hata hivyo. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, na mawingu yalipita ndani yake. Hakuna kilichovuta. Alasiri nyingi tulikaa hivyo, akinimenyea njugu, asinilaumu hata mara moja. Kisha sufuria yake ikapoa, akahama.

Baadaye malori yalimwaga kifusi, na leo pale pana ghorofa zenye maua barazani. Watu wa Riruta husema malori ndiyo yaliyowamaliza samaki wetu. Huwa nawasahihisha, kwa upole: malori yalifukia maji matupu.