Posa ya Timu ya Magodoro

Katibu wa ligi yetu ya netiboli alisoma Kanada miaka miwili, akarudi Dar es Salaam na vitu viwili: koti zito ambalo hakuwa na pa kulivaa, na wazo. Koti akaligawa. Wazo akatuletea sie.

Alisema huko kuna ligi ya mpira wao, mpira wenyewe una umbo la papai na wanaukimbiza kwa mikono, na kila mwaka timu zinakaa pamoja kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Hakuna kunyang'anyana. Timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, ili mwakani wote wawe na nguvu. Kwetu, kwenye ligi ya viwanda na maofisi, wasichana wa vyuo tulikuwa tunagombewa vibaya mno. Kocha huyu anakuletea raba, yule anakuletea khanga, wa tatu anakungoja getini na kaka yake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, maduka yameshajaa bidhaa tena, mitumba imemwagika kila kona, na kila mtu alikuwa anajifunza upya kuchagua. Wazo la katibu likapita bila ubishi.

Aliongeza masharti mawili ya kwake. La kwanza, nyumbani kwa msichana lazima waridhie, na karatasi yenye saini ya mzazi imfikie katika wiki mbili. La pili, msichana akikataliwa na kwao, au akikataa mwenyewe, hachezi timu nyingine yoyote msimu huo. Anakaa benchi la watazamaji, ananunua karanga.

Mie nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea ualimu. Nilikuwa mrefu, nilikuwa mfungaji, na nilikuwa na mdomo. Nyumbani kwetu Keko waliniitaga chiriku tangu sijaanza shule. Mama akinituma dukani hunifunga kwa maneno yale yale: "Nenda, nunua, rudi, na mdomo uache hapa." Walimu walimwandikia baba, majirani walimwambia mama, na mie mwenyewe niliapa kila Ramadhani kwamba sasa basi, napunguza. Ikifika siku ya tatu nimeshagombana na muuza kashata.

Asubuhi ya kuchaguliwa tuliketi kwenye viti virefu kando ya uwanja, upande wa Temeke, wasichana wa vyuo vyote, tumepakwa mafuta tunang'aa. Moyo wangu ulikuwa kwa timu ya kiwanda cha sabuni. Hao ndio mabingwa. Walikuwa na suti za michezo za bluu zenye mistari mikononi, na baada ya mazoezi walikunywa supu na chapati. Nilijua kabisa watanichagua, maana kocha wao alishanikonyeza mara mbili. Nilichosahau ni kwamba wao wanachagua mwisho.

Wa kwanza kusimama alikuwa kocha wa magodoro. Hao ndio walioshika mkia. Mwaka uliotangulia walifungwa hata na timu iliyokuja uwanjani na wachezaji sita badala ya saba. Kocha wao alikuwa mama mtu mzima, mfupi, kajitanda khanga juu ya sketi ya michezo, na kazi yake kiwandani ilikuwa kukagua magodoro ya sponji kwa kuyabonyeza moja moja. Akapita mbele yetu taratibu, akatutazama kama vile nasi atatubonyeza. Akafika kwangu, akanyoosha kidole.

"Huyu."

"Mie?" Nilisimama. "Mie, magodoro? Jamani, nimewakosea nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yule mama hakukasirika. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyebonyeza akaridhika, akamwambia katibu aandike.

Nilirudi nyumbani nimenuna hadi mama akaniuliza nani kafa. Nikamweleza. Mama alisikitika, lakini alisikitika huku anachambua mchele. Baba hakusema kitu. Alikuwa fundi wa vitanda, karakana yake ilikuwa barabarani na za wenzake, na kwake neno moja lilitosha siku nzima. Mara nyingi nilijiuliza yeye na mie tulikutanaje kwenye ukoo mmoja.

Siku ya nne kiwanda cha magodoro kikamtuma kijana wa ofisini na karatasi. Hakuja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakanani, mchana kweupe, baba anapiga randa mguu wa kitanda na wateja wawili wamesimama. Hata shikamoo hakutoa. Alisema, "Mzee, saini hapa, ni ya binti yako."

Baba aliweka randa chini. Haya nilisimuliwa na fundi wa jirani, na alinisimulia kwa raha zake.

"Binti yangu anaombwa kwenye maranda?" baba akauliza. "Anaombwa na mtu mmoja, amesimama, hana hata kofia?"

Kijana akasema haombwi, ni fomu tu. Ebo! Bora angenyamaza. Baba alimwonyesha njia kwa msumeno, na yule bwana mdogo aliondoka mbio, karatasi imeanguka kwenye vumbi la mbao.

Mie nikashangilia. Nilicheza mwenyewe uani, nikamkumbatia mama, nikasema baba yangu ni simba. Kesho yake nikamfuata katibu nikiwa nimejaa kiburi: nyumbani wamekataa, kwa hiyo niandike sabuni. Katibu akavua miwani.

"Dada, hukusikia sharti la pili? Wakikataa, huchezi popote."

"Popote?"

"Popote. Mpaka msimu mwingine."

Niligombana naye hadi watu wakajaa mlangoni. Nilimwambia Kanada yake airudishe ilikotoka. Hakubadilisha hata nukta. Nikatoka pale nikaenda nyuma ya uwanja, nikakaa chini, nikalia kweli kweli, sio kilio cha hasira. Mwaka mzima bila mpira. Tangu darasa la nne sikuwahi kukaa hata mwezi. Baba mwenyewe ndiye aliyenitengenezea pete ya kwanza, alikata utepe wa pipa akaupigilia kwenye nguzo ya uani, na sasa baba huyo huyo ameshasema hapana, na mtu wa kumtoa baba kwenye hapana yake sikumjua. Ndipo nikatambua kwamba baina ya magodoro na karanga, nayataka magodoro. Lakini kumwambia baba? Thubutu! Nilikuwa nimeshamshangilia mbele ya mama na majirani.

Siku zikakatika. Karatasi ilitakiwa mezani kwa katibu Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa mchana nikawa nimekata tamaa, najifanya nasoma.

Baada ya sala ya alasiri, hodi. Mama akachungulia, akarudi mbio huku anajifunga khanga vizuri. "Ingia ndani," akaniambia. "Ingia, kuna watu wazima."

Nilijibanza nyuma ya pazia la chumbani. Alikuwa yule mama wa magodoro, safari hii katika buibui, ananukia udi. Pembeni yake kaka yake, mzee wa kanzu nyeupe na koti jeusi, na nyuma yao mama mwingine kabeba sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi. Kwenye mkono wa mzee kulikuwa na bahasha imefungwa ndani ya leso. Na nje, wallahi, vijana wawili walikuwa wanashusha godoro jipya kwenye mkokoteni, wanaliegemeza ukutani. Jirani wa pili akapiga kigelegele kabla hajajua la nini.

Baba akaingia kutoka msikitini, akawakuta. Yule kocha akasimama, akainama kidogo.

"Kaka, nimekuja kuomba radhi. Walikutumia karatasi bila watu, tena na mtoto asiye na salamu. Nilikuwa zamu, sikujua. Ningejua wasingethubutu. Mie ni mtoto wa hapa hapa Temeke, najua mlango wa mtu unavyobishwa."

Baba alimtuma mama amwite ami yangu, kaka yake mkubwa, aliyekaa nyumba ya tatu. Nikajua hapo mambo yamebadilika, maana kwetu ami haitwi ila kwa msiba na kwa posa.

Ami alifika na bakora yake, akakaa katikati, akapokea bahasha, akasoma herufi kwa herufi. Akasema kwa kawaida jibu hutolewa baada ya wiki. Kocha akasema kwa adabu kwamba mwisho wao ni kesho saa nne.

"Posa gani hii ya kukimbizana?" ami akafoka, lakini nilisikia raha kwenye sauti yake. Miaka mingi hakuwa amepata posa ya kusimamia. "Na hilo godoro?"

"Zawadi ya nyumba."

"Kwa hiyo kitanda chetu, godoro lenu."

Wazee wakacheka. Baba akasema godoro likae nje mpaka jibu lipatikane. Kisha ami akaanza masharti, na aliyatoa kama nilikuwa naozwa mbali kule Kawe kwa watu wasiojulikana. Nivae suruali ya kubana ndani ya sketi. Niwe nyumbani kabla ya magharibi. Masomo yasiguswe. Nikiumia, waje wao wenyewe kuniuguza, wasitume karatasi. Kocha aliitikia yote, moja baada ya moja, "Tumekubali, tumekubali."

"Sasa nieleze," ami akasema. "Wasichana wamejaa vyuoni. Kwa nini huyu?"

Nilisogea hadi pua ikagusa pazia. Nilitegemea atasema urefu, au mikono.

"Wafungaji wazuri wapo wengi," kocha akasema. "Mie nilimwona kwenye mashindano ya vyuo. Refa alimwonea mlinzi wao, kasichana kapole hakawezi hata kujitetea. Huyu wenu alitoka kule mbele kwenye pete, akavuka uwanja mzima, akasimama mbele ya refa akasema mpaka refa akabadili uamuzi. Timu yangu, kaka, ni watoto wapole. Wanapigwa vikumbo wananyamaza, wanaonewa wananyamaza. Tumeshika mkia si kwa kukosa mikono. Wengine wote siku ile walitazama mikono yake. Mie nilitazama mdomo. Mdomo ule ndio ninaoutaka."

Mama, aliyekuwa amesharudi na kusimama nami nyuma ya pazia, alinigeukia. Mie sikujua niweke wapi uso wangu. Tangu nizaliwe mdomo wangu uliombewa dua upungue, na huyu mama kavaa buibui lake, kabeba halua na godoro, kaja kuuomba. Nilijisikia vizuri hadi nikaogopa.

Ami akakohoa. "Baba yake?"

Nikasikia kiti kikilia. "Mie sina neno," akasema. "Lakini taratibu ni taratibu. Mwenyewe aulizwe."

Kwetu kila mtu anajua binti anavyoulizwa. Anaulizwa mara tatu, na hatakiwi kusema ndiyo. Anayekataa ndiye anayesema. Akinyamaza, amekubali.

"Mwanangu," baba akaita kutoka alipokaa. "Wamekuja watu wa magodoro. Unawataka?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi sana ya kusema. Kuhusu yule kijana na fomu, kuhusu suti za bluu za sabuni, kuhusu katibu na Kanada yake, na kwamba magharibi ni mapema mno kwa mtu anayetoka mazoezini. Yote yalikuwa pale kwenye ulimi, yamepanga foleni. Nikaufunga.

"Mwanangu. Unawataka?"

Mama alinishika mkono. Macho yake yalikuwa makubwa. Nadhani hakuwahi kunisikia hivyo.

Mara ya tatu baba aliuliza polepole, sauti imemkauka kidogo, kama kweli ananitoa. Machozi yakanitoka, na nikabana midomo yangu kwa vidole viwili, kwa sababu sikujiamini.

Nikasikia hatua. Pazia likafunuliwa, baba akanichungulia, vumbi la mbao bado limo kwenye kola ya shati lake. Alinitazama kitambo kirefu. Akaona vidole, akaona machozi, na mtu yule wa neno moja kwa siku akaanza kutabasamu.

"Amenyamaza," akawaambia wa sebuleni.

"Haiwezekani!" ami akasema. "Hebu mwangalie kama anahema."

Nyumba nzima ikacheka, kocha akacheka hadi akajifuta macho kwa buibui, na nje jirani akarudia kigelegele chake, sasa kikiwa na sababu. Baba akaomba kalamu. Na mie nikaendelea kunyamaza hadi wino ulipokauka, maana niliogopa nikisema neno moja tu watadhani nimekataa.