Mguu wa Kulia wa Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa mwaka 2015, nilipewa koti zito, kiti cha plastiki na daftari. Kocha Mkuu alinipandisha hadi safu ya juu ya jukwaa, akanionyesha watoto waliokuwa wakiteleza chini yetu, akaniambia nisiwatazame wakiwa na paki. Paki ni kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa gongo; ndiyo mpira wetu sisi watu wa magongo ya barafuni.

"Paki inatazamwa na kila mzazi hapa," alisema. "Wewe mtazame mtoto asipokuwa nayo. Hapo utajua kama ni mchezaji."

Najua mnacheka. Mzee wa Tanga na barafu wapi na wapi? Nilisoma ufundi mitambo miaka sita katika nchi ya baridi kali, na huko kila mwanafunzi alicheza, apende asipende. Nikamwoa binti wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi Morogoro, na nchi yao ilipokombolewa tukahamia Johannesburg, mtaa wa Observatory. Uwanja wa barafu ulipotafuta mtu wa kunoa viatu, nilikuwa mwombaji pekee. Kazi ya kupima vipaji ilikuwa ya nyongeza, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kukaa kwenye baridi ile saa tatu mfululizo.

Basi asubuhi nilinoa, jioni nilipima. Chini ya kiatu cha barafu kuna bamba la chuma, na ukingo wake haunolewi kama kisu. Jiwe la mashine huchimba mfereji mwembamba katikati, zikabaki kingo mbili, ya kushoto na ya kulia. Mchezaji akikata kona kulia, anaegemea kingo za kulia za miguu yote miwili. Ukingo ukiwa chini kuliko mwenzake, mguu unakimbia na mtu analala chali.

Kupima mshambuliaji kijana ni kazi ya subira. Kasi huiona hata mpita njia. Mimi nilitafuta kichwa kinachogeuka kabla paki haijafika, kijana anayerudi kukaba baada ya kupokonywa, na uso wake akishapigwa benchi. Mwaka 2017 alikuja Meneja wa Vijana, zamani mwalimu wa hesabu, akataka kila kitu kipewe alama juu ya kumi. Nilimuuliza ujasiri nautiaje alama. Akanijibu bila kucheka kwamba nianze na saba, halafu nipande au nishuke.

Mwaka uliofuata ndipo alipotokea Furaha. Alikuwa na miaka kumi na saba, msichana wa mtaa wa Bertrams, mama yake fundi cherehani kutoka Bukavu. Kwa kuona mchezo sijapata kukutana na wa kumfikia. Alifika mahali kabla ya paki, akaikuta kama waliahidiana. Timu moja ya Ulaya iliyokuwa ikilipa wachezaji wanawake ilimwandikia Kocha Mkuu kwamba ina nafasi moja ya mshambuliaji, na inasubiri ripoti yangu.

Nilimtazama wiki sita. Kila alipokata kona kulia, mguu ulimkimbia. Kushoto alikuwa moto. Kulia alikuwa mgonjwa. Sikushangaa, maana nilishaona kasoro hiyo hiyo kwa wawili wengine waliovaa viatu vya klabu, vile vinavyoazimwa na wasio na uwezo wa kununua. Mimi mwenyewe nilishaeleza kwenye ripoti zao kwamba watoto hawa huanza wakiwa wakubwa na mguu wa kulia huwa haujazoea. Meneja aliipenda sentensi hiyo. Nikaiandika tena kwa Furaha, nikashauri asichukuliwe, ripoti ikaenda.

Siku chache baadaye mama yake alikuja chumba cha kunolea na viatu vya bintiye mkononi. Alikuwa ameshona upya ngozi ya kifundo iliyochanika. Aliniuliza kwa upole mtoto amekosa nini, nikamweleza habari za mguu wa kulia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuza kiatu kimoja, akafumba jicho na kulitazama bamba kwa urefu wake, kama atazamavyo pindo la suruali.

"Muzee, mchezo wenu sijue," alisema. "Lakini cherehani ikishona pembeni, siwezi kugombeza kitambaa. Hii chuma, upande moja iko juu."

Nikachukua sarafu, nikailaza juu ya bamba. Ililala kiupande. Nilichukua jozi nyingine ya klabu, kisha nyingine. Zote vivyo hivyo. Miezi mingi nyuma nilinoa viatu vya mlinda lango, ambavyo mabamba yake ni manene, nikalisogeza jiwe kidogo. Sikulirudisha. Zamani nilipima kila kiatu kwa sarafu, lakini nilishaacha, nikijidai mkono wangu unajua. Watoto wenye viatu vyao walivipeleka kunolewa madukani. Vilivyoletwa kwangu ni vile vya kuazima tu.

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Nilimwambia Mama Furaha palepale kwamba mguu wa mwanawe ni mzima na kosa ni langu. Alivuta kiti, akakaa, akasubiri nilirekebishe jiwe na kunoa upya.

Jioni hiyo Furaha alikata kona kulia mara ya kwanza kwa woga, ya pili kwa mashaka, ya tatu akapotea upande wa pili wa uwanja. Niliandika ripoti mpya. Penye udhaifu wa mchezaji niliandika: mnoaji wa viatu vyake, nikaweka jina langu. Kocha Mkuu aliisoma mara mbili, akasema, "Hii itakumaliza, mzee," akaitia saini.

Timu ilijibu kwa adabu kwamba nafasi imeshajazwa. Wale wawili wengine niliwatafuta. Mmoja alikuwa amehama na familia yake. Wa pili, mlinzi kwenye jengo moja Marshalltown, alinisikiliza, akasema "sharp, mzee," yaani sawa, akarudi langoni.

Nilistaafu mwaka 2019. Furaha alikuja kuniaga, siku hizo akifundisha watoto wadogo Jumamosi. Nilimwambia kwamba nilimpotezea maisha.

"Eish, baba, ulinipotezea kweli," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ningefika wapi, unafikiri?"

Nilikaa na swali hilo siku ile, na ninakaa nalo leo. Sijui angefika wapi, na kazi yangu ilikuwa kujua hilo.