Nilivyouliza Zuhura Ni Nani

Jambo hili huwa silisemi shemeji yangu akiwepo, na ninyi nawaambia kwa kuwa hayupo, maana aibu niliyoipata siku ile nyumbani kwetu Unyambwa mpaka leo inanichoma masikio.

Mdogo wangu Hadija alileta mchumba kujitambulisha, Nassoro, mwanasheria wa benki huko Dar, na mimi (nanunua alizeti Shelui, nimeshatapeliwa na wenye mashati safi) sikumwamini tangu aliposema kazi yake ni mambo ya meli. Basi simu yake ikaita, akatoka kwenda nyuma ya nyumba, nami badala ya kutulia na wageni nikajifanya naenda kuangalia kuku, nikatega sikio.

"Najua Zuhura ameshauzwa," alikuwa anasema taratibu. "Haidhuru. Rehani yetu inamfuata hata kwa huyo mmiliki mpya. Akifika Mombasa tu, akamatwe."

Mwanamke awekwe rehani, auzwe, halafu huyuhuyu aje kumchukua Hadija? Ningemuuliza palepale yakaisha, lakini wapi, nikasubiri wazee wakae, baba mkubwa amalize dua, ndipo nikasimama.

"Kabla hatujala, mgeni atuambie Zuhura ni nani, na ameuzwa kwa nani."

Hadija akaweka sinia chini. Mama akajifunika uso kwa khanga. Nassoro hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ni meli, kaka. Mwenye meli alikopa kwetu akaiweka rehani, kama mtu anavyoweka nyumba. Rehani imeandikishwa kwenye nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, na nchi nyingi zimekubaliana kuitambua, kwa hiyo hata akiiuza kimyakimya, tunaomba mahakama iikamate bandari yoyote itakapotia nanga."

Mimi, kwa kutafuta pa kutokea, nikauliza, "Na mabaharia je?"

"Mishahara yao inatangulia, kabla ya benki."

Baba mkubwa akanigeukia. "Umeridhika, au tuilete hapa Singida uione?"

Walicheka mpaka wa jikoni. Hadija hakucheka. Jioni nilimwomba radhi mlangoni kwake, akajibu bila kufungua, "Ungeniuliza mimi, kaka."

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kumwozesha. Hadija akaomba afanye baba mkubwa, nikakubali, nikakaa mstari wa nyuma na wageni. Siku hizi nikimshuku mtu namwendea mwenyewe, tukiwa wawili, naanza na salamu.