Gurudumu la Nyuma Kushoto

Wanaume wanaobishana kuhusu magari bila kuwahi kushika spana wananikera mpaka leo. Niliwamiminia kahawa karibu miaka mitatu kule Al-Rawdah, Jeddah, na kila Alhamisi jioni mabishano yalikuwa yale yale. Baba, yaani mwajiri wangu, alikuwa upande wa Amerika. Shemeji yake, kaka wa mkewe niliyemwita madam, alikuwa upande wa Japani. Wageni waligawana nchi zilizobaki: huyu Ujerumani, yule Korea, na siku hizi hakosekani mmoja wa kusifia magari ya Kichina kwa sababu yana kioo kikubwa mbele ya dereva kama televisheni ya sebuleni.

Baba alikuwa na gari jeusi la Kimarekani, refu, lenye safu tatu za viti na injini ya silinda nane. Alilisifia nguvu, umbo, na kiyoyozi chake ambacho kweli kilikuwa kinagandisha mtu mwezi wa nane. Shemeji alikuwa na gari jeupe la Kijapani, kuukuu, lenye viti vilivyochakaa. Yeye alikuwa na jibu moja tu: lake huwaka kila asubuhi. Baba angesema gari lake likipita watu hugeuka kutazama. Shemeji angesema ni kweli, hasa likipita limebebwa juu ya lori la kuvutia magari mabovu. Wangecheka, wangejaziwa vikombe, na wangeanza upya.

Mimi nilisimama pale na birika nikiuma ulimi. Mimi ni fundi wa magari. Nilisomea Nakuru, nikafanya kazi gereji miaka minne, nimeshusha injini na kuzirudisha, na nina kovu la mkono kutokana na rejeta iliyonifokea mvuke. Gereji ilivunjwa barabara ilipopanuliwa, na nilikuwa na mtoto wa kulisha. Ajenti aliyenipeleka Saudia hakuniuliza najua nini. Fomu yake ilikuwa na kazi moja tu kwa wanawake: ya ndani. Mwezi wa kwanza nilimwambia madam kazi yangu ya zamani, madam akamwambia baba, na baba akawaambia wageni. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa juu ya kanzu yake.

"Basi atutengenezee sufuria," alisema shemeji, na hata mimi nilitakiwa nitabasamu.

Kama wangeniuliza, ningewaambia wote wawili wamekosea. Injini ile ya Kimarekani niliipenda, sioni haya kusema. Baba akiiwasha asubuhi nilikuwa naacha vyombo kwenye sinki ili niisikilize. Ilikuwa tulivu, nzito, haina haraka na mtu. Lakini gari la aina ile linataka mwenyewe anayejali, anayebadilisha oili kwa wakati na kusikiliza kila mlio mpya. Baba alilioshesha kila siku na kufungua boneti mara mbili kwa mwaka. La Kijapani linasamehe sana. Ukilisahau leo litakubeba kesho, na ndiyo maana watu wavivu huliita imara. Tofauti yenyewe kubwa ilikuwa kwa mwenye gari, na hilo pale ukumbini halikuwa na mtu wa kulisema.

Kingine kilichonichoma ni kwamba wakimaliza magari walihamia kwetu sisi wafanyakazi. Sauti ile ile, mkao ule ule, tende mdomoni. Wafilipino ni wasafi lakini wanajua haki zao mno. Waindonesia ni watulivu. Wahindi wanapika. Wakenya wana nguvu, ila wana kichwa kigumu na hasira. Nilisikia haya nikiwa hatua mbili kutoka kwao, na hakuna aliyepunguza sauti. Mara ya kwanza nilifikiri bado wanazungumzia magari.

Mkataba wangu ulikuwa unakwisha Desemba. Mwanangu alikuwa aanze gredi ya kwanza Januari, na nilikuwa nimemwahidi kwamba siku hiyo nitamshika mkono mimi mwenyewe hadi mlango wa darasa. Nilimweleza baba. Akaapa kwa Mungu, mbele ya watoto wake, kwamba tukitoka Riyadh kwenye arusi ya mdogo wake atanitolea visa ya kuondoka, ambayo mwajiri pekee ndiye huitoa. Ni kitu cha kubonyeza tu kwenye simu yake, alisema. Dada yangu nyumbani alikuwa ameshanunua yunifomu.

"Anaivaa ndani ya nyumba," aliniambia kwenye simu. "Nimemwambia ataichafua, ananiambia mum akuje aione. Wewe kuja tu."

Kabla ya safari hiyo mvua ilinyesha Jeddah, na ikinyesha Jeddah barabara zinageuka mito. Shemeji aliliacha gari lake juu ya daraja akatembea. Baba akaona hapo ndipo pa kumwonyesha nguvu za Amerika. Aliingiza gari kwenye maji yaliyofika juu ya magurudumu, akatoka upande wa pili akipiga honi, na video ikazunguka kwa ndugu wote. Nilipoitazama sikuona ushujaa. Niliona maji machafu yakiingia kwenye beringi, chuma kinachozungushia gurudumu, na nilijua yakishaingia hayatoki.

Tuliondoka alfajiri. Baba na madam mbele, mabegi safu ya katikati pamoja na keki ya arusi iliyofungwa mkanda kama abiria. Mimi na watoto wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa miaka miwili, tulikuwa safu ya tatu, nyuma kabisa, juu ya magurudumu. Hapo ndipo mfanyakazi huketi. Kiyoyozi kinafika kimechoka, magoti yanagusa kidevu, na kila kinachotokea chini ya gari unakisikia kwenye uti wa mgongo.

Tukipanda milima ya Taif injini haikuonyesha dalili ya kuchoka, na nilikuwa karibu kufurahi. Kisha nikasikia mvumo. Gari likikata kona ya kulia mvumo ulikuwa mzito, likikata ya kushoto ukapungua. Nilijua papo hapo: beringi ya nyuma, upande wa kushoto. Mvulana alikuwa amelala mapajani mwangu, na gurudumu lenyewe lilikuwa chini yake.

"Baba," niliita kwa Kiarabu changu cha jikoni. "Gurudumu nyuma kushoto mafi zuri, bovu. Simama, tafadhali."

"Hiyo ni sauti ya barabara."

"Si barabara, baba. Ni beringi."

"Wewe unajua wali, mimi najua gari langu. Halas, yaishe."

Aliongeza muziki na aliongeza mwendo. Nilihesabu kona. Nilimwekea msichana mkanda, akaufungua, nikamwekea tena. Nilijisikia vibaya kwa woga na nilijisikia vibaya zaidi kwa kunyamaza, kwa sababu nilijua vizuri kwa nini nilinyamaza. Zilibaki siku kumi na mbili nifike nyumbani, na visa yangu ilikuwa ndani ya simu ya yule mtu.

Tuliposimama kuweka mafuta, mbali baada ya Taif, nilishuka kama naenda msalani na nikapita nyuma ya gari. Niligusa rimu kwa mgongo wa mkono. Magurudumu matatu yalikuwa na joto la kawaida. La nne liliniunguza. Grisi ilikuwa imeruka ndani ya rimu, nyeusi na yenye harufu ya kuungua. Gurudumu likichomoka kwenye mwendo wa baba, gari refu kama lile linapinduka, na wanaolaliwa wa kwanza ni wa nyuma.

Nikawashusha watoto. Nikaketi nao juu ya ukingo wa zege kando ya pampu, mmoja mapajani na mmoja ubavuni, nikasema siingii na wao hawaingii.

Baba hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa alipiga kelele hadi wenye malori wakatoka kutazama. Yalla, ingia. Yalla! Alisema ataniripoti kwamba nimetoroka, nitalala korokoroni, nyumbani nisahau. Aliposema nyumbani nilimbana mvulana kifuani mpaka akaanza kulia. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nilimkasirikia yeye, na nilijikasirikia mimi kwa zile kilomita zote nilizokaa kimya nikiwa na mtoto wa mtu juu ya gurudumu bovu ili niwahi kumwona wangu.

"Gusa, baba," nilisema. "Weka mkono tu. Ukiona ni baridi, niripoti."

Hakuweka mkono. Ni madam aliyeshuka, akaniangalia nilivyowakumbatia watoto wake, akamwambia mumewe kwa sauti ndogo amwite fundi wa matairi pale kando.

Fundi alikuwa mzee wa Kipakistani mwenye ndevu za hina. Alipiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likagonga mara mbili, na hata waliokuwa kwenye pampu ya pili walisikia. Alitoa hukumu kwa maneno manne, kwa Kiarabu kibovu kuliko changu: beringi kufa, wewe bahati. Baba aliinamisha kichwa, akamshukuru, akamwita bingwa, akampa maji ya baridi kutoka kwenye kisanduku chetu. Mimi nilikuwa bado nimeketi chini. Mzee alinitazama, akaitazama grisi iliyokuwa mgongoni mwa mkono wangu, akaniamkia kwa kichwa kama fundi anavyomwamkia fundi. Sikuamkiwa hivyo tena nchini mle.

Kipuri kilichelewa. Cha Kijapani kingepatikana hapo hapo, mzee alisema, anacho hata chini ya kitanda. Cha Kimarekani kililetwa na pikapu kutoka Taif, na tulikingoja tangu adhuhuri mpaka karibu magharibi. Niliwalisha watoto biskuti. Baba alinipita mara kadhaa, simu mkononi, na sikujua kama nyumbani naenda au siendi.

Riyadh tulifikia kwa mama yake baba, nyumba ya zamani karibu na Al-Murabba, ambako ndugu waliokuja arusini walilala mpaka kwenye ngazi. Kesho yake nilipewa birika. Nilipoingia kwa wanaume, baba alikuwa katikati ya hadithi.

"Nikasikia mvumo," alikuwa anasema. "Kona ya kulia unaongezeka, kona ya kushoto unapungua. Nikajua beringi. Nikasimama papo hapo."

Walimpongeza. Shemeji, ambaye alikuwa ametangulia kwa ndege, alisema hilo lisingetokea kwa gari la Kijapani. Baba alisema gari lingine lolote lingewaua, ila la Kimarekani ni zito na lina heshima. Nilimimina kikombe chake. Sijui nilipata wapi nguvu za kutokimwaga.

Kisha, kama kawaida, wakafika kwetu. Binamu mmoja alilalamika kwamba mfanyakazi wake ametoroka, akauliza nchi gani sasa inafaa. Baba alininyooshea kikombe chake.

"Chukua Mkenya. Huyu miaka miwili hajaugua siku moja. Nimeshamwongezea ikama wiki iliyopita, mwaka mmoja."

Ikama, yaani kibali changu cha kuishi na kufanya kazi kwake, wiki iliyopita. Kabla ya safari, kabla ya kuniambia niketi nyuma na watoto, kabla ya vitisho vyote vya kwenye pampu. Nilikuwa nimehatarisha kitu ambacho kilishachukuliwa zamani.

Nilitoka na birika mkononi nikaenda upande wa wanawake. Madam alikuwa anamsuka msichana. Sikusubiri amalize.

"Madam, baba anasema ameongeza ikama. Aliapa. Mimi naenda nyumbani Januari, mtoto wangu anaanza shule."

Hakujifanya hajui. Aliachia nywele za mtoto na akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Ni mimi niliyemwambia aongeze," alisema. "Na jana nilipokuona umeketi pale chini, nilimshukuru Mungu kwamba nilimwambia. Mimi najua ni wewe uliyesikia, si yeye. Nikileta mwingine, atawasikilizia wanangu hivyo?"

Alikuwa na machozi. Alikuwa ananisifu. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia hasira mpaka leo nikiwa na gereji yangu, kwamba alisema kwa upendo na alifikiri nitafurahi.

"Mimi pia nina mtoto," nilimwambia.

"Inshallah, baada ya Ramadhani," alisema, akarudi kwenye nywele.

Nilikaa hadi Novemba iliyofuata. Riyadh tulikaa zaidi ya wiki mbili. Siku tunarudi Jeddah, nikiwa nyuma kabisa na mvulana amelala mapajani, simu yangu ilitetemeka. Dada alikuwa ametuma picha: mwanangu mlangoni mwa darasa, sweta kubwa kuliko yeye, mkono mmoja umeshikwa na mwalimu nisiyemjua. Chini yake dada aliandika, "Amekataa kuingia, anasema anakungoja. Tumemdanganya, sasa tumwambie nini?" Beringi mpya ilikuwa kimya. Madam aligeuka kutoka kiti cha mbele akaniuliza kama nasikia chochote, nikamwambia sisikii kitu.